Lugha ya Mwaka 1959 Inayohesabu Mishahara: Somo kwa Kamati za Matawi



Malalamiko mengi ya mshahara hufia kwenye dirisha la ofisi ya malipo. Mfanyakazi anafika na hati yake mkononi, anaeleza kwamba saa zake za ziada hazikuonekana, karani anatazama karatasi, anatikisa kichwa, kisha anatoa jibu ambalo sasa limekuwa la kawaida viwandani na mashambani: "Kompyuta ndiyo iliyotoa hivyo." Hapo mwenzetu hurudi kazini kimya. Mnyapara angeweza kubishana naye. Meneja angeweza kumwendea pamoja na katibu wa tawi. Lakini mtu atabishana vipi na sanduku la chuma?

Somo la leo linahusu jibu hilo. Kompyuta haikati ovataimu ya mtu kwa hiari yake. Inafuata maagizo yaliyoandikwa na watu, kwa lugha maalumu, sentensi baada ya sentensi, na sentensi hizo zinaweza kusomwa, kuhojiwa na kubadilishwa kama kifungu chochote cha mkataba. Tutatazama lugha moja tu, iitwayo COBOL, ambayo hutamkwa "koboli". Tumeichagua kwa kuwa ilitungwa mahsusi kwa kazi za ofisi kama hesabu za mishahara, akiba na pensheni. Na ingawa ina umri wa zaidi ya miaka 60, bado inafanya kazi hiyo katika mabenki, makampuni ya bima na ofisi za serikali za nchi kubwa.

Sisemi kwamba kila kiwanda chetu kinaitumia. Ofisi nyingi zina programu mpya zaidi, na yako mashamba ambayo bado yanaendeshwa kwa daftari na kalamu. Lakini anayeielewa COBOL hatashindwa na programu nyingine ya mishahara, maana mitego ni ileile.

ILIVYOZALIWA

Katika miaka ya 1950 kila kampuni iliyotengeneza kompyuta ilikuwa na namna yake ya kuiamuru. Programu iliyoandikwa kwa mashine ya kampuni moja haikufaa kitu kwenye mashine ya kampuni nyingine. Ofisi ikinunua mashine mpya, hesabu zote za mishahara, za ghala na za madeni ziliandikwa upya tangu mwanzo. Ni kama mtu anunue trekta jipya, kisha aambiwe kwamba mashamba yote aliyokwisha kulima kwa lile la zamani lazima ayalime tena.

Mwaka 1959 Bibi Mary Hawes, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni moja ya kompyuta ya Marekani, alitoa shauri kwamba itungwe lugha moja ya shughuli za biashara, itakayofanya kazi katika mashine za makampuni yote. Shauri hilo lilipelekwa kwa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, nayo ilikuwa na sababu ya kusikiliza. Wakati huo wizara hiyo ilikuwa na kompyuta 225, imeagiza nyingine 175, na ilikwisha tumia zaidi ya dola milioni 200 katika kuandika programu. Mkutano wa kwanza ulifanyika tarehe 28 na 29 Mei 1959. Mwishoni mwa mwaka huo watu 6 walikaa pamoja wakamaliza rasimu. Wawili kati yao walikuwa wanawake: Jean Sammet na Gertrude Tierney. Maelezo ya lugha hiyo yalichapishwa mwaka 1960, na mwezi Desemba mwaka huohuo programu ileile moja ilifanya kazi katika mashine mbili za makampuni mawili yanayoshindana. Jambo hilo lilikuwa halijaonekana.

Kuna kisa cha kuchekesha hapa. Mmoja wa watungaji, Howard Bromberg, alichoshwa na ucheleweshaji wa kamati, akaona lugha hii itakufa kabla haijatembea. Akanunua jiwe la kaburi, akachonga juu yake jina COBOL, akalituma kwa Bwana Charles Phillips aliyekuwa akiongoza kazi hiyo. Jiwe limehifadhiwa hadi leo, na marehemu aliyetarajiwa bado yuko kazini.

Mtu ambaye mawazo yake yaliingia zaidi katika COBOL ni Bibi Grace Hopper, mwalimu wa hesabu aliyejiunga na Jeshi la Majini la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kabla ya COBOL alikwisha tunga lugha iliyoitwa FLOW-MATIC, na hoja yake ilikuwa rahisi: watu wa ofisi hawapendi alama za wanahesabu, wanapenda maneno, basi tuwape maneno, na kompyuta yenyewe ifanye kazi ya kuyatafsiri kuwa namba. Baadaye alisimulia jinsi alivyowaonyesha wakubwa wa kampuni yake kwamba jambo hilo si la Kiingereza peke yake. Aliandika programu ileile kwa maneno ya Kifaransa na ya Kijerumani. Wakubwa walishtuka. Kompyuta iliyotengenezwa Marekani itaelewaje Kifaransa? Ilichukua muda kuwatuliza. Hawakutambua kwamba kwa mashine neno ni alama tu, na Kiingereza chenyewe haikielewi.

Nasi tushike hapo. Lau Bibi Hopper angekuwa na Kiswahili, angeonyesha kwa Kiswahili.

SENTENSI ZENYEWE

Programu ya COBOL ina sehemu kuu nne. Ya kwanza inataja jina la programu. Ya pili inaeleza mashine na mafaili yatakayotumika. Hizo mbili si za kutusumbua. Ya tatu inaeleza habari zitakazohifadhiwa, yaani jina la mfanyakazi, namba yake, saa zake, kiwango chake, na ukubwa wa kisanduku cha kila habari. Ya nne ndiyo yenye vitendo: ongeza, toa, zidisha, gawa, hamisha, andika.

Katika programu halisi maneno ni ya Kiingereza. Hapa nimeweka ya Kiswahili katika mpangilio uleule:

ZIDISHA SAA-ZA-ZIADA KWA KIWANGO-CHA-ZIADA UPATE MALIPO-YA-ZIADA.
ONGEZA MALIPO-YA-ZIADA KWENYE MSHAHARA.
IKIWA MWANACHAMA NI "NDIYO" TOA ADA-YA-CHAMA KATIKA MSHAHARA.

Hata aliyeishia darasa la nne anaweza kuifuata hesabu hii, na hilo lilikuwa kusudi la waliotunga: mkubwa wa ofisi, asiye fundi, aweze kuisoma programu na kuona kama ndiyo aliyoagiza. Mafundi wengi huibeza COBOL kwa sababu ya maneno yake mengi. Wanasema inachosha vidole. Kwa upande wetu naona maneno hayo ni hazina, kwa kuwa sheria iliyoandikwa kwa maneno marefu ni vigumu kuificha.

VISANDUKU: HAPO NDIPO PESA HUPOTEA

Sasa tuingie kwenye kiini cha somo. Vitendo mara nyingi huwa sawa. Matatizo hukaa katika sehemu ya tatu, kwenye ukubwa wa visanduku. Mwandika programu hueleza kila kisanduku kwa tarakimu: hiki kina nafasi tano, hiki kina nafasi saba na mbili kati yake ziko baada ya nukta ya desimali, hiki ni cha herufi ishirini. Kisanduku kikishapimwa, hakitanuki.

Tuchukue mfano. Mfanyakazi mmoja, tumwite Juma, anabaki kiwandani dakika 50 kila siku baada ya zamu, kwa siku 26 za kazi. Kiwango cha ziada ni shilingi 1,500 kwa saa. Dakika zote za mwezi ni 1,300, nazo ni saa 21 na dakika 40. Malipo ya haki ni shilingi 32,500.

Lakini tuseme kisanduku cha saa za ziada kimepimwa tarakimu mbili bila desimali. Dakika 50 ni saa 0.83. COBOL ikiweka namba hiyo katika kisanduku kisicho na desimali, hukata kilichozidi na kubakiza 0. Ndivyo inavyofanya siku zote isipoambiwa vingine. Programu ikikata kila siku, Juma atapata sifuri mara 26. Malipo yake ya ziada ni sifuri, na hati haionyeshi kosa lolote.

Programu ikijumlisha dakika za mwezi mzima kwanza, ndipo ikate, atabaki na saa 21, yaani shilingi 31,500. Amepoteza dakika 40 tu. Ikiwa mwandika programu ameongeza neno la kuagiza namba ifikishwe kwenye namba nzima iliyo karibu, na hesabu ikafanywa kila siku, basi kila dakika 50 itakuwa saa moja kamili, na Juma atapata saa 26, shilingi 39,000. Basi tuna mfanyakazi mmoja, kazi ileile, kiwango kilekile, na majibu manne: sifuri, 31,500, 32,500 na 39,000. Tofauti yote imetokana na neno moja na mahali lilipowekwa.

Wala msifikiri kwamba kufikisha kwenye namba ya karibu ni rafiki yetu daima. Juma angebaki dakika 25 badala ya 50, kila siku ingehesabiwa sifuri, ingawa kwa mwezi dakika hizo ni 650, saa 10 na dakika 50, zenye thamani ya shilingi 16,250. Ndiyo maana mkataba unaosema tu "saa za ziada zitalipwa" haujakamilika. Useme dakika zinajumlishwa lini, na zinakatwa au kufikishwa wapi. Hapo ndipo mwajiri na chama wanapaswa kukubaliana, kwa sababu kama hawakukubaliana, kijana wa kompyuta ataamua peke yake saa tano usiku.

Upande wa kushoto nao una hatari yake. Kisanduku chenye nafasi sita hupokea mwisho 999,999. Mzee akistahili kiinua mgongo cha 1,240,000, ile moja ya mwanzo haina pa kukaa, nayo kwa kawaida huanguka bila kelele. Hati inatoka imeandikwa 240,000. COBOL ina maneno ya kuzuia jambo hili, ya kuiambia mashine isimame na kupiga kelele namba ikizidi ukubwa. Ni hiari ya mwandikaji kuyaweka, na wengine hawakuyaweka, kwa kuwa siku walipoandika hakuna aliyeota kwamba mfanyakazi atalipwa mamilioni.

Katika nchi zetu hili si la kufikirika, kwani tumeona namba zinavyovimba. Mwaka 1987 Uganda iliondoa sifuri mbili katika shilingi yake. Mwaka 1993 Zaire ilitoa zaire mpya moja kwa zaire za zamani milioni 3, na mwaka 1998 huko Kongo ikaja faranga, moja kwa zaire mpya 100,000. Zambia iliondoa sifuri tatu katika kwacha tarehe 1 Januari 2013. Kila mara kama hiyo, visanduku vya mishahara, mikopo na akiba vinapaswa kupimwa upya kimoja kimoja. Kamati ya tawi iliyo macho huuliza wakati huohuo: je, akiba yetu ya miaka iliyopita imegeuzwa kwa kipimo gani?

Jambo la tatu ni miaka. Zamani habari ziliingizwa kwa kadi za karatasi zenye matundu, na kadi moja ilikuwa na safu 80 tu. Ili kuokoa nafasi, mwaka uliandikwa kwa tarakimu mbili: 62 badala ya 1962. Hakuna aliyeona ubaya. Lakini mfanyakazi aliyeajiriwa mwaka 1962 na kustaafu mwaka 2000 alihesabiwaje? Mashine inachukua 00, inatoa 62, inapata 62 pungufu ya sifuri. Kisanduku kikiwa hakina nafasi ya alama ya kutoa, alama inaanguka na jibu linabaki 62. Miaka 38 ya utumishi inasomeka 62. Kikiwa na nafasi hiyo, mzee anaonekana amefanya kazi chini ya sifuri, wala hana haki ya senti moja.

Dunia nzima ilikumbwa na hofu ya jambo hili kabla ya Januari 2000, na baada ya sikukuu kupita kwa usalama wako waliosema kulikuwa na kelele za bure. Si kweli. Ilipita kwa usalama kwa kuwa mafundi maelfu kwa maelfu, wengi wao wazee wa COBOL waliorudishwa kutoka kustaafu, walikesha miaka kadhaa wakipekua programu mstari kwa mstari. Hata hivyo baadhi ya matengenezo yalikuwa ya muda tu. Badala ya kupanua kisanduku, waliiambia mashine: ukiona 00 mpaka 29, sema ni miaka ya 2000, ukiona 30 na kuendelea, sema ni miaka ya 1900. Ukiwa na mstaafu aliyezaliwa mwaka 1928, mtambo kama huo utamwona bado hajazaliwa. Wazee wetu wa pensheni wakiambiwa kwamba tarehe zao "hazikubali", jueni pa kuanzia kuuliza.

KWA NINI HAIJAFA

Mtu ataniuliza: kama ina mitego hii yote, kwa nini isitupwe? Mitego hiyo iko katika lugha zote, mpya na za kale. Na COBOL ina sifa ambazo baadhi ya lugha mpya hazina.

Moja ni hesabu za pesa. Kompyuta kwa ndani huhesabu kwa mbili mbili, si kwa kumi kumi kama sisi. Katika hesabu hiyo sehemu moja ya kumi haiandikiki kamili, kama vile sisi tusivyoweza kuandika theluthi kamili kwa desimali: 0.333 na kuendelea bila mwisho. Katika lugha nyingi, kijana asiye mwangalifu akitumia namba za kawaida za mashine kwa pesa, visenti vya uongo huanza kujitokeza. COBOL tangu mwanzo ilipangwa kushika tarakimu za desimali kama karani anavyozishika katika leja, kwa hiyo shilingi kumi na senti kumi ni shilingi kumi na senti kumi. Nyingine ni uwezo wa kupitisha mafaili marefu usiku kucha, jina baada ya jina, laki baada ya laki, bila kuchoka.

Lakini sababu kubwa si ya kifundi. Programu iliyofanya kazi miaka 40 imemeza kila kitu: kila sheria ya kodi, kila mkataba wa chama, kila nyongeza, kila posho ya zamu ya usiku, na kila mfanyakazi aliyepewa masharti yake ya pekee mwaka fulani baada ya mgomo fulani. Mara nyingi karatasi zilizoeleza mambo hayo zimepotea, na walioyaandika wamestaafu au wamekufa. Yamebaki katika programu tu. Kuitupa ni kutupa kumbukumbu.

Taarifa ya wakaguzi wa Bunge la Marekani ya Mei 2016 ilieleza kwamba mtambo wa mahudhurio na mishahara katika idara inayohudumia wanajeshi wastaafu ulikuwa na umri wa miaka 53, na umeandikwa kwa COBOL. Iko pia ndugu yake COBOL, lugha ya RPG iliyotolewa mwaka 1959 na IBM kwa kutengeneza taarifa za ofisi. Bado inatumika katika makampuni yenye mashine za ukoo huo, na karibu yote tuliyosema hapa yanaihusu.

Aprili 2020, ugonjwa wa korona uliposimamisha kazi, Wamarekani zaidi ya milioni 6 waliomba malipo ya wasio na kazi katika wiki moja. Gavana Phil Murphy wa jimbo la New Jersey alisimama mbele ya waandishi wa habari akaomba watu wanaojua COBOL wajitolee, kwa sababu mitambo ya jimbo ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Magazeti yalicheka lugha ya kizee. Mimi nililiona jambo jingine. Kwa miaka mingi ofisi hizo zilipunguza watunzaji wa mitambo kwa kubana matumizi, hawakufundisha vijana, na wazee walipoondoka hawakuulizwa walichojua. Mashine ya kusaga ikikosa grisi miaka kumi, halafu siku ya mavuno ikagoma, utailaumu mashine?

WALIOTUPA LA ZAMANI KWA HARAKA

Kisa cha Kanada kinafaa kusomwa katika kila tawi. Serikali ya huko ilikuwa na mtambo wa mishahara wa zamani, uliotumika karibu miaka 40. Ikaamua kuleta mpya, ukapewa jina Phoenix, na ukatazamiwa kuokoa dola milioni 70 kwa mwaka. Fedha hizo zilitegemea kupunguza watu. Nafasi za washauri wa mishahara wapatao 1,200, waliokaa katika wizara mbalimbali na kuwajua wafanyakazi wao, ziliondolewa. Kazi ikahamishiwa kituo kimoja katika mji wa Miramichi, kwa watu mia chache, wengi wao wageni wa kazi.

Mtambo ulianza kazi Februari 2016, na wizara zilizobaki zikaingizwa Aprili. Ulihusu watumishi wapatao 290,000. Jaribio la kuanza na wizara moja tu lilikuwa limefutwa, na baadhi ya kazi ambazo mtambo ulipaswa kuzifanya zilikuwa zimeondolewa ili kuokoa muda na fedha. Matokeo yakaonekana mara moja. Wako waliolipwa pungufu, wako waliolipwa kupita kiasi kisha wakadaiwa, wako ambao hawakulipwa kabisa. Kufikia katikati ya mwaka 2017, makosa yaliyokuwa hayajarekebishwa yalifikia zaidi ya dola milioni 520. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Michael Ferguson, aliandika mwaka 2018 kwamba kushindwa huko kwa usimamizi hakueleweki.

Vyama vya wafanyakazi vilifanya nini? Vilikusanya hati. Malalamiko ya mtu mmoja mmoja yaliwekwa pamoja mpaka ikawa haiwezekani kusema kwamba ni makosa ya karani fulani. Oktoba 2020 chama kikubwa cha watumishi wa serikali huko, Public Service Alliance of Canada, kilifikia mapatano ya fidia ya hadi dola 2,500 kwa kila mwanachama aliyehusika. Kwa mtu aliyepoteza nyumba kwa kukosa mshahara hiyo si kitu. Lakini bila hati zilizohifadhiwa hata hiyo isingepatikana.

Wale washauri 1,200 ndio walijua kwamba mtu fulani hulipwa posho fulani kwa sababu fulani. Mtambo wa zamani haukufanya kazi peke yake; ulifanya kazi pamoja na watu walioujua. Mwajiri alipohesabu gharama, aliwaona watu hao kama hasara.

KAZI YA TAWI

Mwajiri akitangaza kwamba analeta programu mpya ya mishahara, msiipinge kwa sababu tu ni mpya. Dai letu la kwanza liwe kwamba ya zamani isizimwe. Zote mbili zihesabu mshahara uleule kwa miezi kadhaa, na hati zilinganishwe moja moja, zikiwamo za wanaolipwa kwa kilo, wa zamu ya usiku, wa msimu, na akina mama waliotoka likizo ya uzazi. Hao ndio ambao programu mpya huwasahau, maana anayeipima hupima kwa mfanyakazi wa kawaida wa saa nane. Dai la pili ni kwamba karani wa malipo asiachishwe kazi kabla mtambo mpya haujapita mwaka mzima, kwa sababu nyongeza, likizo na bakshishi ya mwisho wa mwaka hutokea mara moja tu kwa mwaka.

Mkikabiliwa na lile jibu la dirishani, ombeni kwa heshima kuonyeshwa sheria. Si lazima mpewe programu nzima. Mwajiri atasema ni siri yake au ya kampuni iliyomuuzia. Ombeni maelezo ya maneno ya kawaida: saa zangu zinapokewa zikiwa na desimali ngapi, zinakatwa au zinafikishwa namba ya karibu, kwa siku au kwa mwezi, na tarehe yangu ya kuajiriwa imeandikwaje. Karani asiyeweza kujibu si adui. Yaelekea naye hajaelezwa. Barua iandikwe kwa meneja, na nakala ibaki kwa katibu wa tawi.

Kwa kikao kijacho, kila mwanakamati alete hati zake tatu za mwisho za malipo pamoja na kipande au kadi yake ya saa. Wale wa shambani walete na karatasi za mizani. Tutaandika ubaoni hesabu ya mtu mmoja kwa sentensi za Kiswahili kama zile za juu, hatua kwa hatua, tangu kilo au saa mpaka pesa mkononi, halafu tuilinganishe na hati. Tutaanza na ovataimu, kisha makato. Aliye na hati ya mwaka wa nyuma zaidi aje nayo pia, hata kama imechakaa.